Ufukwe wa Coco ni Mali ya Wananchi: Mwenye Mali Ndiye Mlinzi Wake

Wako watu wasemao kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Sisi twasema kinyume chake. Mali ya umma ina wenyewe wengi kuliko mali nyingine yo yote, na kila mmoja wao anadaiwa ulinzi wake. Leo twapenda kuzungumza na wanachama na wafanyakazi wenzetu juu ya mali moja ya namna hiyo iliyopo katika mji wa Dar es Salaam, nayo ni ufukwe wa Oysterbay, ambao watu wote sasa wanaujua kwa jina la Coco Beach.

Ye yote apitaye pale asubuhi ya Jumatatu, kabla wafagiaji hawajamaliza kazi yao, hana haja ya kuelezwa tatizo lenyewe. Chupa za plastiki za maji na soda zimetapakaa mchangani. Vifuniko, mirija, vijiti vya mishikaki, makumbi ya madafu, nepi za watoto na vipande vya chupa za bia vimelala pale pale walipokuwa wakicheza watoto jana yake. Maji yakijaa huchukua sehemu ya takataka hizo na kuzipeleka baharini. Yakipwa huacha nyingine zilizotoka kwingine. Hapo ndipo mahali ambapo wageni huletwa ili wauone mji wetu, na ambapo sisi wenyewe huwapeleka watoto wetu kupumzika. Hali hiyo haifai, wala hatuna sababu ya kuificha.

Yafaa kwanza tukumbuke ufukwe huu ulikotoka. Chini ya utawala wa kikoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi za watu. Mzungu alikuwa na Uzunguni kwake, Mhindi na Uhindini kwake, na Mwafrika alisukumwa Kariakoo, Ilala na kwingineko. Ubaguzi ule haukuhitaji kuandikwa ukutani. Ulitekelezwa kwa sheria za ujenzi, ambazo zilidai nyumba ya namna fulani katika eneo fulani, na nyumba ya namna hiyo Mwafrika hakupewa uwezo wa kuijenga. Oysterbay ikawa mtaa wa maofisa wa Kiingereza. Upepo wa bahari, miti ya vivuli na mchanga mweupe vilikuwa vyao. Mwafrika alifika kule akiwa boi, mpishi, yaya au mtunza bustani, na kazi ikiisha alirudi kwake.

Kwa hiyo mtoto wa Manzese, wa Mbagala au wa Gongo la Mboto anapokimbia leo juu ya mchanga ule bila kuulizwa na mtu anatafuta nini, hilo si jambo dogo hata kidogo. Ni moja katika matunda ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961. Wazee wetu hawakudai bendera na wimbo tu. Walidai kwamba nchi hii yote, pamoja na pwani yake, iwe ya wananchi wake. Lakini ruhusa ya kuingia mahali si ruhusa ya kupaharibu. Mtumwa hana haja ya kuitunza nyumba ya bwana wake, maana si yake. Mwungwana huitunza nyumba yake kwa sababu ni yake. Tukiuchafua ufukwe tulioupata kwa jasho la kudai Uhuru, tutakuwa tunafanana na mtu aliyenunua nguo nzuri kwa fedha nyingi kisha akaifanya tambara la kufutia masizi.

Umuhimu wa ufukwe huu kwa wafanyakazi hauna haja ya maelezo marefu. Mwaka 1967 hesabu ya watu ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiotimia 300,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta mkoa huu una watu 5,383,728. Mji umeongezeka zaidi ya mara kumi na saba, walakini bahari haikuongezeka hata pima moja. Sehemu kubwa ya pwani ya mji imezungukwa na kuta za hoteli, za ofisi na za nyumba za watu binafsi. Coco ni miongoni mwa sehemu chache ambapo mshona nguo, kondakta wa daladala, karani, mwuguzi na fundi mwashi waweza kufika na watoto wao siku ya Jumapili, wakala muhogo wa kukaanga kwa chumvi na pilipili, wakanywa dafu, wakapunga upepo, na kurudi nyumbani bila kuumaliza mshahara. Hiyo ndiyo likizo ya mfanyakazi, na hana nyingine.

Tena wapo wanaopata riziki yao pale pale. Wauza mihogo, wauza madafu, wachoma mishikaki, wakodisha maboya ya kuogelea na wapiga picha wote hula kwa sababu watu huja. Daraja la Tanzanite, ambalo lilifunguliwa mwezi Machi, 2022 na ambalo limepita juu ya maji kwa urefu wa zaidi ya kilomita moja kutoka upande wa Aga Khan, limeufanya ufukwe huu uwe karibu zaidi na katikati ya mji. Wageni nao wanazidi. Mwaka 2023 nchi yetu ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 1,800,000, na baadhi yao hupitia Dar es Salaam wakienda Zanzibar, Serengeti au Kilimanjaro. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni akishuka ufukweni hukanyaga kigae cha chupa na kuondoka hasemi kitu, ila akawaambia wenzake wasije?

Hata hivyo hatupendi jambo hili lifikiriwe kuwa ni la watalii tu. Nyumba husafishwa kwa ajili ya wakaao ndani yake. Mtu afagiaye ua siku mgeni anapokuja tu, na siku nyingine akawaacha wanawe wacheze katika taka, huyo hampendi mgeni wala hawapendi wanawe.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Wapo watu wenye fedha ambao huutazama ufukwe kama ule kwa jicho la biashara. Hao hawakosi hoja, na hoja yao kubwa ni uchafu. Husema, "Watu hawa hawawezi kutunza kitu. Jengeni ukuta, wekeni kiingilio, mpeni mwekezaji mmoja apasimamie, nanyi mtaona kutakavyokuwa safi." Sisi twaipinga hoja hiyo kwa nguvu zote. Kiingilio kidogo kwa mwenye gari ni mzigo kwa mtu mwenye watoto watano na mshahara wa kima cha chini. Ukuta ukishajengwa haubomolewi kwa urahisi. Tutakuwa tumerudisha Uzunguni kwa mlango wa nyuma, tofauti ikiwa kwamba safari hii mtu atabaguliwa kwa mfuko wake badala ya kwa rangi yake.

Lakini kupinga kwa maneno hakutoshi. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Kila chupa tunayoiacha mchangani ni tofali tunalompa mtu anayetaka kujenga ukuta. Mwanachama ambaye katika mkutano husimama na kusema ardhi ni mali ya umma, na Jumapili akauacha mfuko wa takataka chini ya mvinje, amejibu hoja yake mwenyewe. Wanaotaka ufukwe ubaki wazi kwa watu wote hawana budi kuthibitisha kwamba watu wote waweza kuutunza.

Sheria ya nchi inalielewa jambo hili vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 4, inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na ya kiafya, na inampa raia haki ya kuyafikia maeneo ya umma kwa ajili ya mapumziko, elimu, afya na shughuli za uchumi. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 6, inamtwika kila mtu wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Katika kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Na Katiba yetu, katika Ibara ya 27, inamtaka kila mtu ailinde mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Haki na wajibu vimefungwa katika kamba moja. Mtu hawezi kuvuta upande mmoja na kuukana wa pili.

Tuulize basi takataka zile hutoka wapi, maana ugonjwa usiojulikana asili yake hautibiki. Asili yake ni mbili.

Ya kwanza ni sisi tuendao pale. Watu huja kwa maelfu siku za mwisho wa juma na siku za sikukuu, wakila na kunywa, na vyombo vya kutupia taka ni vichache au vimejaa kabla ya saa kumi jioni. Mtu hutazama huku na huku, haoni pipa, huacha alichonacho pale alipoketi. Wa pili akiona wa kwanza ameacha, naye huacha. Hivyo ndivyo haba na haba ijazavyo kibaba, na kibaba hiki ni cha aibu.

Ya pili ni mji wenyewe. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, ukipokea mito midogo ya Ubungo, Sinza na Luhanga, na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Selander, ambapo ni kusini kidogo tu mwa ufukwe wa Coco. Mvua za masika zikinyesha, kila kitu kilichotupwa katika mitaro ya mitaa hiyo yote huzolewa na mto. Tena mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Basi chupa iliyotupwa mtaroni Tabata haina safari ndefu. Huteremka na mto, hutoka Selander, huchukuliwa na mkondo, na siku ya bamvua hutupwa juu kabisa ya ufukwe, mahali ambapo maji mafu hayafiki kuiondoa. Anayedhani kwamba Coco yaweza kusafishwa kwa ufagio wa Coco peke yake hajautazama mto.

Jambo hili la takataka za mji lina historia ndefu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Baraza la Jiji kwa kumwaga taka za mji mzima katika mtaa wao, na wakashinda. Kisha taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye ikawa Vingunguti, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Twaikumbusha historia hiyo ili ieleweke wazi kwamba takataka haipotei kwa kuondolewa mbele ya macho ya mtu. Huhamia mbele ya macho ya mwenziwe, na mara nyingi mwenziwe huyo ni maskini zaidi. Na ile isiyozolewa na gari huzolewa na mto.

Madhara yake si ya macho tu. Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Jua na mawimbi huivunja vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo huliwa na samaki ambao nasi twawala. Kasa huumeza mfuko akidhani ni wanyama laini wa baharini walio chakula chake, akafa kwa kuzibwa matumbo. Mbele ya pwani ya Msasani na Kunduchi viko visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Chafu tunayoitupa huku ndiyo inayofika kule. Wala tusisahau afya. Mwezi Agosti, 2015 kipindupindu kilizuka hapa Dar es Salaam kisha kikaenea mikoani, na sote twajua kwamba ugonjwa ule hupenda mahali penye vinyesi, maji machafu na chakula kisichofunikwa. Ufukwe wenye watu maelfu na vyoo vichache ni hatari kwa mlaji wa muhogo na kwa muuzaji wake.

Hapa twapenda kuongeza neno moja kwa ajili ya wale wenye bidii iliyopita kiasi. Si kila kilichomo ufukweni ni taka. Mwani uletwao na mawimbi ni sehemu ya ufukwe wenyewe: huhifadhi mchanga usichukuliwe na maji, na huwalisha kaa na ndege wa pwani. Kusafisha ni kuondoa kilicholetwa na binadamu na kukiacha kilicholetwa na bahari. Wanaozoa mwani kwa koleo pamoja na mchanga huufanya ufukwe uonekane safi leo na uliwe na maji kesho.

Tusiseme kwamba hakuna lililofanyika. Tarehe 9 Desemba, 2015, badala ya gwaride na sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli aliamuru siku ile iwe ya usafi nchi nzima, naye mwenyewe akashika ufagio na kuzoa taka karibu na soko la samaki la Feri. Wananchi walielewa mara moja. Kutokana na siku ile ukazaliwa utaratibu wa kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tarehe 1 Machi, 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, na vile vifuko vyake vilivyokuwa vimejaa katika mitaro na fukwe vikatoweka. Tarehe 1 Juni, 2019 ikaja zamu ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wenzetu wa Zanzibar walikwisha kuitangulia Bara, maana wao waliipiga marufuku tangu mwaka 2006.

Katika mambo hayo mna somo kubwa. Viroba havikuondoka mitaroni kwa sababu watu walifagia sana, bali viliondoka kwa sababu havikutengenezwa tena. Vivyo hivyo mifuko. Ufagio hufuata taka, lakini amri iliyo nzuri huitangulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa leo ni chupa ya plastiki.

Tazameni jambo lililo wazi kwa kila mtu. Chupa ya kioo ya soda haionekani imetupwa ovyo. Mwenye duka hampi mtoto soda ya kwenda nayo mpaka alete chupa tupu au aache fedha ya chupa. Kwa hiyo kila chupa ina mwenyewe, na hata ikisahauliwa yupo atakayeiokota. Chupa ya plastiki haina amana, haina mwenyewe, na ndiyo maana imejaa ufukweni. Sisi twapendekeza kwamba Serikali iwatake wenye viwanda vya maji na soda waweke amana katika kila chupa ya plastiki, irudishwe kwa ye yote atakayeirejesha. Watasema bei itapanda. Lakini hata sasa gharama ipo. Tofauti ni kwamba hulipwa na Manispaa, na mvuvi, na mfagiaji, wala si na yule anayepata faida. Mtu auzaye kinywaji kwa faida yake, kisha akawaachia umma kazi ya kuzoa chombo chake, anakula jasho la wengine. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulinyamazia jambo hilo.

Twaja sasa kwa Manispaa ya Kinondoni, ambayo ndiyo yenye dhamana ya eneo lile. Kazi yake si ngumu kueleweka. Mapipa yawe ya kutosha, yawe na vifuniko ili kunguru wasiyapekue, na yamwagwe Jumamosi na Jumapili jioni, wala yasingoje Jumatatu. Vyoo viwepo, viwe na maji, na viwe vya bei ambayo mtu mwenye watoto aweza kuimudu, ama sivyo watu watakwenda nyuma ya miamba. Pawe na sehemu maalum ya kuchomea nyama na kukaangia mihogo, yenye maji na shimo la majivu. Na fedha zote zinazokusanywa pale, ziwe za maegesho ya magari au za vibanda, zitangazwe hadharani: kiasi gani kimeingia, na kiasi gani kimerudi kwa ufukwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwananchi akiona shilingi yake imekuwa pipa na choo, ataitoa kwa moyo mweupe.

Tena Kinondoni haiwezi peke yake. Mto Msimbazi unapita pia katika Halmashauri ya Jiji, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala, na mito yake midogo inatoka Ubungo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, hasa kuzuia mafuriko. Mkopo huo utalipwa na watoto wetu. Basi na wasilipie kingo za saruji zitakazoharakisha taka kufika baharini. Halmashauri hizi tatu zikae meza moja, ziweke nyavu za kukamata taka katika mitaro kabla haijaingia mtoni, na zihakikishe kwamba gari la taka linafika katika mitaa isiyofikika kwa urahisi. Mtu ambaye gari la taka halimfikii hatupi mtaroni kwa uovu. Hutupa kwa kuwa hakuna njia nyingine. Tukimlaumu kabla ya kumpa njia tutakuwa tumemwonea.

Hatuna budi kuwataja wafanyakazi wenyewe, yaani wale wafagiao. Wengi wao ni akina mama ambao huamka usiku wa manane ili ufukwe uwe safi watu wakiamka. Wapo wanaozoa vigae na sindano kwa mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na haisemi kwamba mfagiaji si mfanyakazi. Makandarasi wanaopewa kazi ya usafi wapimwe kwa ufukwe ulivyo na vile vile kwa glavu, buti na mshahara unaolipwa kwa wakati. Vyama vya wafanyakazi viwaandikishe watu hawa. Ni aibu mji kujisifu kwa usafi ilhali anayeusafisha anaumwa na hana dawa.

Na wauzaji wa pale wana sehemu yao. Wao ndio wa kwanza kupoteza uchafu ukizidi, maana ufukwe ukifungwa wao ndio wa kwanza kufukuzwa. Kila mwenye kibanda na meza awe na pipa lake na awajibike kwa hatua ishirini zinazomzunguka. Waunde ushirika wao wenyewe, wachague kamati, wakubaliane kwamba anayemwaga mafuta ya kukaangia mchangani asimamishwe na wenziwe kabla ya kufikiwa na askari wa Manispaa. Watu waliojiunga na kujisimamia hawafukuzwi kwa urahisi. Watu wasio na umoja huondolewa kwa barua moja.

Kuna wenzetu watakaosema, "Mimi nimelipa kodi, kusafisha ni kazi ya Manispaa." Twawajibu kwamba kodi hulipa gari la kuzolea taka, lakini hakuna kodi iwezayo kumlipa mtu mmoja amfuate kila mwananchi nyuma akiokota anachodondosha. Wengine watasema kwamba maskini ana shida ya chakula, si ya usafi. Hao hawaijui historia ya nchi hii. Mwaka 1973, tulipokuwa maskini kuliko leo, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakajifunza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima kwa majembe yao wenyewe. Hakuna aliyengoja tajiri. Umaskini hauzuii usafi. Kinachozuia ni kukata tamaa na kungojangoja.

Kwa hiyo twatoa mwito kwa Chama chenyewe. Mabalozi wa mashina katika bonde lote la Msimbazi, kuanzia Pugu hadi Upanga, waweke ajenda ya mitaro katika mikutano yao. Shina lina nyumba chache na balozi anamjua kila mtu. Anaweza kuona mtaro uliozibwa na anaweza kumwambia jirani bila kumtukana. Umoja wa Vijana waichukue Coco kuwa shamba lao, si kwa siku moja ya fulana mpya na kupigwa picha, bali kwa zamu ya kila Jumapili jioni, saa ambayo watu wanaondoka na taka bado zimo mikononi mwao. Umoja wa Wanawake usaidie kuuanzisha ushirika tuliousema. Na kiongozi atakayekuja kufanya usafi na aje, lakini aje pasipo kingʼora, tena arudi mwezi ujao.

Twasisitiza hilo la mwisho kwa sababu twaijua hatari yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi inaweza kugeuka kuwa desturi ya kufunga maduka na kukaa barazani mpaka saa nne. Kazi ya kujitolea ikifanywa kwa woga wa faini hufa woga ukiisha. Ikifanywa kwa kuelewa hudumu. Sheria za mwaka 2019 zimeweka faini isiyopungua shilingi 30,000 kwa mtu anayekutwa na mfuko wa plastiki uliokatazwa. Faini hiyo ni ya haki, na yule anayemwaga taka kwa gari zima usiku kando ya mto astahili adhabu kubwa zaidi na asionewe haya. Walakini nchi haijengwi kwa faini. Hujengwa na watu wanaojua kwamba ni yao.

Ufukwe wa Coco haukuletwa na Serikali wala na tajiri. Uliumbwa na Mungu, ukatwaliwa na wakoloni, ukarudishwa na wananchi. Kazi iliyobaki ni kuutunza. Kila mmoja wetu aendaye pale Jumapili hii achukue mfuko wa nguo au kikapu, akusanye kilicho chake na kimoja cha mwenziwe, akitupe mahali pake. Kila mmoja akaaye kando ya mtaro asiufanye mtaro kuwa jalala. Na kila mmoja mwenye madaraka atimize yale ambayo mwananchi hawezi kuyatimiza kwa mikono yake. Tukifanya hivyo, siku atakapokuja mtu na ramani ya ukuta, hatutahitaji maneno mengi. Tutamwonyesha mchanga.